Zaidi na Amri

Zaidi alimpiga Amri.
Ndivyo tulivyoanza nahau, Barabara ya Tisa,
mkekani kwa maalim Shekalaghe,
kalamu ya mwanzi, wino wa masizi,
na kila asubuhi Zaidi alimpiga Amri
na kila asubuhi Amri hakusema kitu.
Nikauliza: kamkosea nini?
Maalim alicheka hadi kofia ikamteleza.
"Hawapo hao. Hawajapata kuwapo.
Ni majina ya kutundikia sheria,
kama msumari wa kutundikia kanzu."

Tulipofika kitabu cha mirathi
Zaidi alikuwa mtu mzito:
kanunua ngamia kilema, kamrudisha;
kamwacha Zainabu kwa neno moja, kajuta;
kafa Jumatatu, kaacha mama, wajane wawili, binti watano.
Tukampasua mafungu ishirini na manne,
moja likakosa mwenyewe,
na Jumanne kafufuka, anauza shamba.

Mtu asiye na kaburi.
Nimemzika mara mia.

Nikaja kuwa karani wa kadhi, hapa hapa Tanga,
meza ya dirishani, mhuri na kitambaa cha kuufutia.
Ndipo nilipomwona Zaidi amevaa viatu.

Bi Mwanamkuu binti Mgaza wa Chumbageni
alikopa shilingi mia mbili
mwanawe akapasuliwe jicho.
Riba haramu, nani hajui,
kwa hiyo karatasi haikusema mkopo.
Ilisema: ameuza nyumba.
Mstari wa chini ilisema: ameipanga,
shilingi nane kwa mwezi
alale kitanda chake,
chini ya boriti alizozichagua mwenyewe moja moja.
Siku akirudisha bei, bei itakuwa haikuwapo.
Wanaiita bei ya khiyari.
Hiari ya nani, haikuandikwa.

Miezi ikampita. Akaletwa.
"Uliuza?"
"Niliuza neno. Nyumba naifagia mimi."
Kikohozi. Kurasa zikafunuliwa.
Neno likashinda, amri ikatoka,
nami nikaigonga mhuri,
nikajua kumbe Amri naye hupiga.

Usiku ule sikula. Lakini mimi nani
wa kulaumu jina lisilo na mtu?
Niliokotwa barazani Ngamiani
nimeviringishwa kanga iliyokatwa maneno,
mkasi umepita sawasawa chini ya usemi wake,
asijulikane aliyekuwa akisema, wala akimwambia nani.
Bi Kidawa, ambaye hakuzaa, akanipeleka kwa liwali.
Baba yake nani? wakamuuliza.
Akasema: andika Abdallah.
Yupi?
Andika. Nani hapa si mja wa Mungu?

Basi, Mbaruku bin Abdallah.
Huyo baba hakunichapa, hakuninunulia kandambili,
hakuugua, hakuniaibisha mbele ya wenzangu.
Nimeingia shule kwa jina lake,
nimejibiwa posa kwa jina lake,
wanangu wanamwita babu.

Bi Kidawa alipofariki hesabu niliifanya mimi.
Dada zake, mtoto wa ami yake,
kalamu haikutetemeka.
Wa kuokotwa harithi.
Nilikuwa nimekwisha kukunja mkeka wangu
dada mkubwa alipofungua kasha
akatoa karatasi ya miaka kumi na mitatu:
chumba cha uani, mlango wa mninga,
kimeuzwa kwa Mbaruku bin Abdallah
kwa shilingi moja,
iliyopokewa mkononi mbele ya mashahidi.

Mashahidi wawili, wote marehemu.
Mimi wakati ule nilikuwa na miaka tisa,
nikihesabu majeraha ya Amri.

Kadhi akanitazama juu ya miwani.
"Ulilipa?"
Nikamwona Bi Mwanamkuu, ufagio mkononi.
Nikaona mlango wa mninga.
Nikasema: "Imeandikwa hivyo."

Chumba ninacho.
Marehemu namdai radhi,
naye ananidai shilingi moja.